Kucha Kumi na Harusi ya Akuol

Jumapili, 9 Novemba
Harusi ya binamu yangu Akuol ni Jumamosi na bado hajatangaza msimamizi wake! Ni mimi au Adhieu, rafiki yake wa kazini. Mimi ni damu. Tulilelewa pamoja Eldoret, kitanda kimoja, blanketi moja. Adhieu ana nini? Kucha. Ndefu, ngumu, zinang'aa hata bila rangi. Baada ya ibada Akuol alizishika mbele ya watu. Alisema msimamizi ndiye atakayemvua glavu kabla ya pete, na mpiga picha atakuwa palepale. Kisha akaangalia mikono yangu. Nikaificha chini ya Biblia.

Zangu zinabanduka tabaka tabaka. Nikifungua kopo, moja inakatika. Wivu sina. Naandika ukweli tu.

Jumatatu, 10 Novemba
Kitunguu saumu na ndimu. Nimeloweka vidole saa nzima, kisha saa nyingine kwa uhakika. Ndimu kwenye vidonda! Kucha sasa zinakunjika kama karatasi. Adhieu, ambaye kwa bahati mbaya ni jirani yangu hapa Nyakuron, Juba, alisikia harufu akauliza napika nini. Halafu akasema kwa upole kwamba kuloweka ndiko kunakoziharibu. Upole! Mwenye kucha kama zile ni rahisi kuwa mpole.

Jumanne, 11 Novemba
Boda mpaka soko la Konyo Konyo. Teopista, Mganda anayeuza vipodozi, ameniuzia kucha kumi za bandia, nyekundu, pamoja na gundi. Alinishika kidole akasikitika: "Dada, kucha yako iko mgonjwa. Wacha ipone kwanza." Sikwenda kutafuta daktari.

Jumatano, 12 Novemba
Chakula kwa shangazi yetu, Mama Maker, kule Jebel. Adhieu, aliyealikwa pia, aliviangalia vidole vyangu mara mbili. Raha iliyoje! Ikaja sinia moja ya asida, ugali laini wa hapa, na mulah, mchuzi wa bamia, sote tukala kwa mkono. Nilimega tonge kwa madaha. Kumbe asida ya moto na gundi havipatani. Mkono uliporudi, kucha tisa. Nikachovya tena kutafuta ya kumi. Zikabaki saba.

Mama Maker aliipata moja kwa jino. Akaitoa, akaiweka ukingoni mwa sinia. Adhieu akasema haraka kwamba ni mfupa wa samaki. Ananisitiri! Nani alimwomba?

Alhamisi, 13 Novemba
Saba zilizobaki nimezing'oa. Zimeondoka na nusu ya kucha zangu. Lazima nifunike. Nikakumbuka wanawake wa hapa wanavyopaka hina nyeusi mpaka ncha za vidole, huoni kucha inaanzia wapi. Nimepaka mikono yote. Ikabaki, nikapaka na miguu. Severino wa dukani aliniambia mabruk, hongera kwa Kiarabu cha hapa. Nikasema asante. Mwenye boda naye: mabruk! Watu wa Juba wana jicho la urembo.

Ijumaa, 14 Novemba
Maafa. Mama Maker alinipokea mlangoni kwa vigelegele. Kisha akauliza nani amenioa, na ng'ombe wa mahari wako wapi. Ng'ombe gani? Akanieleza polepole, jinsi anavyotueleza sisi tuliotoka Kenya: hapa hina ya namna ile, mikono na miguu, ni ya bibi harusi au mke wa mtu. Msimamizi lazima awe msichana. Nikasema mimi ni msichana. Akasema kanisa halitaniuliza, litaangalia miguu.

Nimesugua kwa sabuni, mchanga na dawa ya madoa. Hina iko palepale. Akuol alilia kwenye simu. Alikuwa amenichagua mimi tangu mwanzo, kucha au bila kucha, damu ni damu. Alitaka kunishtukiza leo. Sasa ni Adhieu. Nimelia mpaka nimechoka.

Jumamosi, 15 Novemba
Nimeketishwa pamoja na wake za watu. Mmoja aliniuliza nina watoto wangapi. Adhieu alimvua Akuol glavu taratibu, kamera ikimmulika. Niliomba glavu imponyoke. Haikumponyoka.

Baadaye Adhieu alikuja kukaa nami, akanishika mkono mbele ya wote, akaniambia siri yake. Kata fupi. Paka mafuta ya simsim kila siku. Vaa glavu ukiosha vyombo. Kisha ziache miezi mitatu. Nikamshukuru.

Jumapili, 16 Novemba
Nimefikiri sana. Miezi mitatu na mafuta ya simsim! Ni wazi ananificha. Na jana nilimchunguza vizuri: si kucha tu, ni nyusi. Nyembamba, zimepinda kama zimechorwa. Nyachangkuoth wa kwaya anaolewa Desemba na bado hajachagua msimamizi.

Nimenunua wembe. Upande wa kushoto umeisha wote. Sasa nasawazisha wa kulia.