Nimepimwa Malale Mbele ya Mama Mkwe

Leo nimevuliwa heshima yote, na suruali juu yake. Sogeeni hapa barazani niwasimulie mwenyewe, maana Byabato yuko njiani anarudi kutoka hospitali, na Byabato mnamjua. Akitangulia yeye, mtasikia kwamba nililia. (Nililia. Lakini si kwa sauti atakayoiigiza.)

Mmeona wenyewe ninavyolala hovyo siku hizi. Nimelala nikipima maharage, uso ukazama kwenye gunia. Nimekoroma kanisani, benchi la mbele, mchungaji akanyamaza kunisubiri nimalize. Juzi mteja alinisalimu kwa mkono, nikapitiwa na usingizi nikiwa nimeushikilia. Mliokuwepo mlicheka kidogo, halafu mkaacha. Nilijua kwa nini mmeacha. Neno lilikuwa moja vichwani mwenu, na kichwani mwangu pia: malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o.

Si nilikwenda porini kule kwa wachunga ng'ombe kununua ngozi? Mbung'o waliniuma shingoni mpaka nikavimba. Mwenyeji wangu akasema, "Usijali, wanauma kila mtu." Nikarudi nyumbani, na haukupita muda usingizi ukaanza. Kokutona, mke wangu, aliniamsha polepole tu, kisha akaenda jikoni kupenga kamasi. Hilo lilinitisha kuliko mbung'o wenyewe.

Sasa, mama mkwe. Mnajua anakaa kwetu, kile chumba cha nyuma, tangu alipoanza kutibiwa kifafa. Kwao Kituntu alianguka motoni, na watu waliogopa hata kumgusa wamtoe. Wanadhani kinaambukiza. Daktari wa misheni ana dawa anayoijaribu kwa wagonjwa wa kifafa wa huku kwetu, naye anawafuatilia mmoja mmoja. Kila mgonjwa lazima awe na mtu wa nyumbani wa kumwangalia, aje kueleza: ameanguka lini, mkono gani ulianza kutetemeka, amezinduka vipi. Kwa mama mkwe, mtu huyo ni mimi. (Nilijitolea mwenyewe. Nilisema, "Mimi nimesoma.")

Na dawa ilimkubali! Mama alikaa siku nyingi bila kuanguka, mpaka akaanza kwenda kisimani peke yake. Watu wa Kituntu waliokuwa wanawaficha wagonjwa wao ndani wakaanza kuwaleta. Halafu, bila sababu, akaanza kuanguka tena. Mara ya mwisho alianguka uani, ndoo ikamwagika, mbuzi wakatimka, majirani wakaja mbio. Na mwangalizi wake? Mwangalizi alikuwa kwenye kiti palepale uani, mdomo wazi, anakoroma.

Basi leo ilikuwa siku yake ya kuonana na daktari. Kokutona akasema, "Na wewe unapimwa leo. Sitaki kubishana." Sikubishana. Nilikuwa nasinzia.

Tulitoka asubuhi. Mimi nilitangulia kwa baiskeli ili niwahi foleni. Kwenye ule mteremko, nikalala. (Ndiyo, juu ya baiskeli.) Nilizinduka nikiwa chali katikati ya kibanja cha watu, nimekumbatia mgomba, na kitu kinanichoma ubavuni. Ni ncha ya mwavuli. Mwenye mwavuli ni mama mkwe, amesimama mbali kadiri mwavuli unavyoweza kufika, uso ameugeuzia upande wa pili. Mama mkwe hamgusi mkwewe, hata akiwa amelala kwenye migomba.

"Amefariki?" akamuuliza binti yake.

"Anakoroma, mama."

"Basi mwambie aamke. Tutachelewa."

Tukaingia hospitali hivi: mama mkwe anasukuma baiskeli, Kokutona ameniongoza kwa mkono. Watu kwenye foleni wakatupisha. Mama mmoja akauliza, "Poleni waitu, ndugu zangu. Mgonjwa ni yupi?"

"Wote," Kokutona akajibu.

Na nani alikuwa kwenye ile foleni, shavu limefura kwa jino? Byabato! Byabato huyu huyu anayenunua kahawa ng'ambo ya barabara, na aliyemposa Kokutona kabla yangu akakataliwa. Akaniangalia kwa huruma. Nilichukia ile huruma kuliko kitu chochote.

Zakaria, yule dresa anayegawa dawa, akanipokea. Akanibonyeza shingo kutafuta tezi. Akasema, "Tembea kwenye mstari huu." Nikatembea, nikaishia kwenye kabati. "Funga macho, gusa pua yako." Nikagusa sikio. Wala halikuwa langu, lilikuwa la Zakaria. Akanitoboa kidole, akaipeleka damu kwenye darubini. Baadaye akaja daktari mwenyewe, yule Mzungu mrefu anayeongea Kiswahili kama anatafuna mkaa.

"Kwenye damu sioni wadudu," akasema. "Lakini pengine wamekwisha kuingia ndani zaidi. Lazima tutoe maji ya mgongo."

"Kwa nini?"

"Kwa sindano."

"Sindano gani?"

Akanionyesha. Jamani, msiniulize. Ile ni sindano ya kushonea magunia.

Wakanilaza kwa ubavu kitandani, nimejikunja kama mtoto tumboni, magoti kidevuni, mgongo wazi. Suruali ikashushwa, sitasema mpaka wapi. Kati yangu na chumba cha pili palikuwa na pazia tu. Huko ng'ambo nikasikia sauti ya mama mkwe anaulizwa habari zake, na Kokutona anamjibia, kwa kuwa mwangalizi alikuwa hana hali.

Nikasikia daktari amepita upande ule, akasema polepole, "Bibi, nasikitika. Nadhani dawa hii imeshindwa kwako. Wale wenzako wa Kituntu walioko foleni nao nitawaambia."

Mama mkwe hakulia. Aliuliza tu, "Kwa hiyo nirudi nikae ndani?"

Hapo ndipo moyo wangu ulipokatika. Mama anarudi kufungiwa ndani, mimi nakufa, Kokutona anabaki na kilio huku na huku. Nikaona nisiondoke bila kuaga. Nikapaza sauti, tena kwa Kihaya, maana Kiswahili kilinikimbia:

"Kokutona! Nikifa, duka usimwachie kaka yangu, atalinywa lote kwa pombe ya rubisi! Na usiolewe na Byabato! Mwanamume gani anayepaka samli kwenye masharubu! Mama! Mama mkwe! Nimekusamehe ulivyosema siku ya posa kwamba mimi ni mfupi!"

Halafu dirishani kwangu, palepale nje, nikasikia mtu anakohoa. Nikainua jicho. Shavu lililofura. Masharubu yanang'aa.

"Si samli," Byabato akasema. "Ni mafuta ya nazi."

Daktari alikuwa amerudi, sindano mkononi, anapaka kitu cha baridi mgongoni kwangu. Nikafumba macho. Nikaanza Baba Yetu, nikakwama kwenye mkate wa kila siku.

"Daktari! Subiri!"

Ni Zakaria, ng'ambo ya pazia. Daktari huyu ana sharti: kila mgonjwa wa kifafa anaporudi lazima arudi na vidonge vilivyobaki. Zakaria alikuwa amevimwaga vya mama mkwe kiganjani, anavigeuzageuza.

"Bibi, hivi ndivyo unavyomeza?"

"Ndivyo hivyo. Mkwe wangu ndiye aliyevileta."

"Hivi si vya kifafa. Hivi ni vya maumivu. Nilimpa mtu mmoja anayeumwa mgongo kwa kubeba magunia ya maharage. Siku ileile..."

Nikaanza kukumbuka, na laiti ningelala. Siku ile nilichukua dawa mbili: za mama mkwe na zangu za mgongo. Vifurushi viwili vya kitambaa, vidonge vyote vyeupe. Zakaria aliniambia, "Chenye fundo ni cha bibi." Nikasema, "Mimi nimesoma, bwana." Njiani changu kikaanza kufunguka. Nami ni mtu wa nidhamu. Nikakifunga fundo. Fundo zuri kabisa! Nilipofika nyumbani, mafundo mawili, nikagawa bila wasiwasi wowote.

"Kwa hiyo vile vya kifafa," daktari akauliza, "amevimeza nani?"

Zakaria alivuta pazia.

Mimi pale. Nimejikunja, mgongo wazi, na yaliyo chini ya mgongo wazi, nimeyaelekeza moja kwa moja kwa mama mkwe wangu mzazi! Kokutona nyuma yake. Watu wa Kituntu nyuma ya Kokutona. Byabato dirishani. Mama mkwe akapiga ukelele, akaufungua mwavuli mlemle ndani, akajificha nyuma yake.

"Dawa hii," daktari akasema, akitafuta stuli ya kukalia, "inatuliza ubongo. Asiyeihitaji inamlaza. Bwana Kaijage, huna malale. Umekunywa dawa ya mkweo!"

"Kwa hiyo haikushindwa?" Kokutona akauliza.

"Haikushindwa hata kidogo. Ilimkosa mgonjwa tu." Akacheka mpaka miwani ikamwanguka. Halafu akanitazama. "Na mgongo wako?"

"Hauumi tena, daktari."

"Hauwezi kuuma. Ulikuwa umelala."

Kutoka nyuma ya mwavuli mama mkwe akasema, kwa upole wote, "Daktari, hivi vyake navyo si vibaya. Magoti yangu yamepona."

Hapo chumba kizima kikapasuka kwa kicheko. Foleni ikapasuka. Byabato alicheka akiwa ameshika jino, analia na kucheka pamoja. Nami, mbele ya watu wote, nimeshikilia suruali kwa mikono miwili, nikalia. Si kwa aibu. Aibu ilikuja baadaye, tena ilikuja na ndugu zake. Nililia kwa sababu nilikuwa nimeshajizika, na sasa nimefukuliwa mzima. Kokutona naye alilia. Akanifunga mkanda kama mtoto wa shule, huku akinitukana taratibu kwa Kinyambo, lugha ya kwao.

Daktari akampa mama dawa yake palepale, akameza mbele ya wenzake wa Kituntu, nao wakasema wanaendelea. Mzee mmoja wa huko aliyekuwa ameshamfungia binti yake mzigo wa kurudi nyumbani akaufungua tena. Mimi nimeambiwa usingizi utaisha wenyewe, nisipande baiskeli wala ngazi kwa sasa. Na ule uangalizi nimenyang'anywa. Mwangalizi sasa ni Kokutona. Anawaangalia wawili.

Tulirudi kwa miguu. Mama mkwe alitangulia mbele sana, hakugeuka hata mara moja. Tulipofika karibu na sokoni nikaona mabega yake yanatikisika. Nikashtuka, nikadhani kinamwanza. Nikamkimbilia, na mila nikaisahau. Kumbe alikuwa anacheka. Anacheka mwenyewe, machozi yanamtoka, mkono umeziba mdomo. Sijawahi kumwona mama huyu akicheka tangu nimuoe binti yake.

"Mkwe," akasema bila kunitazama, "ile siku ya posa nilisema wewe ni mfupi. Leo nimeona ni mfupi pande zote."

Haya, hayo ndiyo yaliyotokea, mmeyasikia kutoka kinywani mwangu. Chekeni sasa hivi, chekeni mmalize. Kesho asubuhi atakayeingia dukani awe amekuja kununua chumvi tu.