Sindano ya Odeta na Mkono wa Mgombea

Mkolani, Mwanza
4 Oktoba 1994

Kwa Mkuu wa Shule, Mwalimu Rebeka,

YAH: KUMHAMISHA ODETA KUTOKA FIZIKIA KWENDA SAYANSI KIMU

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Suzana Mhoja, mkaanga mapanki, ile mifupa ya sangara, wa hapa Mkolani, mama yake Odeta wa kidato cha tatu. Naandika kwa heshima zote, nikiwa nimesimama, maana kiti changu kimekaliwa na mtu anayesubiri zamu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlimpa mwanangu mita yenye sindano na kazi ya kugeuza joto kuwa umeme. Akasokota nyaya za shaba na za chuma pamoja, ncha za upande mmoja akaziweka kwenye jiko langu, za upande wa pili kwenye beseni la maji. Kwa mgao huu wa umeme nilitegemea angalau taa. Nilipomwuliza umeme uko wapi, alinionyesha sindano ikisogea.

2. Nyaya za chuma zilitoka kwenye banda la kuku. Kuku sasa wanaishi kwa majirani.

3. Baba mkwe wangu, Mzee Mashimba, alizishika zile ncha za upande wa jiko kwa kiganja tu, bila moto, na sindano ikasogea. Tangu siku hiyo hachungi mbuzi. Anasema, "Mimi ni mtambo, sipaswi kunyeshewa." Anataka uji wa moto kila mara, wa kujiendeshea.

4. Watu wanapanga foleni kupima mikono, samaki hawanunui. Jirani yetu Ngosha alifika mbili. Mkewe Selina akafika tano. Ngosha akadai mita ina upendeleo, akaenda kula ugali wa moto, akarudi na kupata mbili na nusu. Siku hizi wakibishana nyumbani, Selina anamwonyesha vidole vitano tu, na mjadala unafungwa.

5. Jumamosi alikuja Bwana Shimba, anayegombea udiwani, pamoja na wapambe wake. Akashika ncha mbele ya umati. Sindano ikarudi nyuma. Odeta akaeleza kwa adabu kwamba mkono wa mheshimiwa ulikuwa umeshika chupa ya soda ya baridi, na beseni lilikuwa limekaa juani, hivyo maji yaliuzidi mkono joto. Waliosikia habari za soda ni wachache. Waliobaki wanasema anawanyonya umeme wananchi. Naye ametamka kwamba akishinda, kibanda changu cha kukaangia samaki kitaonekana kimejengwa kwenye hifadhi ya barabara.

Kibanda hicho ndicho kinachomsomesha Odeta. Kwa hiyo naomba ahamishiwe sayansi kimu, ambako jiko hupikia chakula na halimvunjii mtu heshima.

Nisalimie walimu wote, wapishi, na mlinzi wa getini. Mwalimu wa fizikia naye msalimie, ila kwa ufupi.

Mzazi mwenye kulalamika kwa adabu,
Suzana Mhoja

Nyongeza: Odeta alipokwenda kuteka maji, nimezishika zile ncha mwenyewe. Nimefika saba. Tafadhali mwache hukohuko kwenye fizikia, na kibanda nitakihamisha hata leo. Naomba pia mita ibaki hapa hadi Jumapili. Mama yangu anakuja kutoka Magu, na mikono yake naijua.