Redio ya Arusi ya Glodie

Siku ya tatu, tarehe 12 mwezi wa sita
Siku tatu zinabaki Glodie wangu aolewe. Motokari yetu inatoka Japani. Redio yake haikamate stesheni hata moja ya Kalemie. Leo Mama Victorine, mama wa bwana-arusi, kapita. Kauliza kama bibi-arusi atapelekwa kimya kama maiti. Eti bora apande jeep yake, ina muziki. Nikacheka na meno tu. Mutoto wangu atoke hapa ndani ya motokari ya mama yake! Nimenunua redio mupya.

Siku ya ine, tarehe 13
Fundi, Papa Germain, kaifunga. Taa zinawaka bluu, vizuri. Sauti: zii, hakuna! Kachungulia chini ya kiti. Kumbe kuna ampli ya kiwandani, kile chombo cha kukuza sauti, nayo hailie mupaka redio iiamshe, na waya ya kuamsha haijafika kwa redio mupya. Atarudi kesho na waya ndefu. Nisiguse. Nikasema ndiyo, Papa.

Siku ya tano, tarehe 14
Germain yuko kwenye kilio, kule mutaa wa Katanika. Basi? Nimeamsha watoto sita miaka yote hii, ampli itanishinda? Waya yake nimeifunga moja kwa moja kwa batri. Ikalia! Kuku wakakimbia. Jirani Dédé kauliza kutoka juu ya ukuta kama nimefungua nganda ya kuuza pombe. Mume wangu Banza kauliza kama sasa hiyo ampli italala. Nikamwambia kesho ni arusi, nani analala?

Siku ya posho, tarehe 15
Glodie kakaa kiti cha nyuma, gauni jeupe kama unga wa muhogo. Nikazungusha ufunguo. Tik. Tena: tik. Ampli ilikesha, ikakunywa batri yote! Mama Victorine kafungua mulango wa jeep, kamwita binti yangu kwa sauti tamu. Machozi yakanijaa. Glodie kasema hashuki: atatoka kwao na motokari ya mama yake, hata ikisukumwa. Wakwe wakavua makoti, wakasukuma mupaka kanisani! Mama Victorine naye, viatu mukononi, akilalamika kwamba kusukuma hakukuandikwa kwenye fakture, ile orodha ya mahari.

Siku ya Mungu, tarehe 16
Germain kaona waya yangu, kafunga macho. Eti iende kwa redio, si kwa batri. Kazi ya dakika tano. Nikamupa chai, maskini, amechoka. Mimi nimekwisha kuelewa: batri ndiyo ilikuwa ndogo. Mudogo wake Glodie, Joëlle, anaolewa mwezi wa nane. Nimepima batri ya kamio, lori kubwa: inaenea kwenye kiti cha nyuma. Joëlle ni mwembamba.