Waya wa Kumkaribisha Zuwena

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Zuwena kapiga simu. Mke wangu huyo, siku ya arobaini sasa yuko kwao Kikole, kwenye korosho. Kasema Ijumaa atapita hapa Rasbura. Akiona nimebadilika, atabaki. La sivyo, anachukua vyombo vyake. Aliondoka eti kwa sababu akiniita simsikii, nimeinamia nyaya. Uongo! Nilikuwa namsikia. Sikuwa naitika tu.

Nina mpango. Kisanduku cha mlangoni: mtu akipiga hodi, chenyewe kinaitika, "Karibu, mke wangu!" Sauti nimesharekodi. Imebaki kuingiza programu kwenye chipu. Sasa kifaa cha kuingizia kina matundu kumi, chipu ina miguu sita. Unahitajika waya wa kuviunganisha. Ismaili, fundi simu wa ng'ambo ya barabara, anao. Simwombi ng'o! Mwaka jana aliniazima koleo, Rasbura nzima ikajua.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimekata waya bapa wa kompyuta mbovu, nikalehemu mwenyewe. Miguu nimeihesabu kuanzia kulia, nilivyozoea kusoma juzuu madrasa. Kumbe hii inaanzia kushoto. Moshi! Chipu imekufa, imebaki moja.

Ismaili kauliza kutoka kwake kama nakaanga samaki. Nikasema ndiyo. Kaomba kipande! Ikabidi nikanunue samaki, nikaange, nimpelekee. Kanisihi nikae tule wote. Nikasema nina wageni. Nimekula peke yangu, nimetazama ukuta.

Alhamisi, 9 Oktoba

Waya wa pili. Mfupi mno, kichwa kinachomoka nisipokibana kwa meno. Ismaili kanambia wa kwake upo, na kahawa ipo. Nikasema sina shida.

Nyumba kimya. Nimejichezea ile sauti yangu: "Karibu, mke wangu." Nikaitika ahsante. Upweke huu, wallahi, haufai.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimetoka msikitini, nikakaa kazini. Imekubali! Waya menoni, mikono yote miwili kazini, programu inaingia taratibu. Mara hodi mlangoni. Sauti ya Zuwena! Nikasema moyoni, ngoja kidogo mke wangu. Hodi ya pili. Nifungue mdomo waya uchomoke? Hodi ya tatu. Programu ikamalizika. Nikakimbilia mlangoni.

Hakuna mtu.

Ismaili kasema kapiga hodi tatu, hakuitikiwa, kaondoka, kama mtu yeyote mwenye adabu. Vyombo kaviacha. Kamwachia yeye korosho za kunipa, na kauliza kama bado niko hai.

Nimefunga kisanduku mlangoni. Nikatoka nje, nikapiga hodi mwenyewe. Kikaitika vizuri sana. Nimelia kidogo.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimetafakari usiku kucha. Kosa nimeliona: waya ulikuwa mfupi! Ningekuwa na mrefu, nisingeubana kwa meno. Natengeneza mwingine, wa kufika mpaka mlangoni.

Kuna mtu nje anapiga hodi. Kisanduku nimekifungua, chipu iko mezani. Atasubiri kidogo. Niko waya wa tatu.