Mfumo Mpya Usiobadilisha Chochote

"Wakulima wote wanatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu, Bodi ya Ugawaji wa Mbegu itahamia mfumo mpya wa kompyuta, na kwamba hakuna kitakachobadilika."

Bwana Bethwel Kipyego, meneja wa Bodi mjini Eldoret, aliandika tangazo hilo mwenyewe, Machi 1989, akaridhika nalo. Mfumo wa zamani ulikuwa na jedwali la wakulima na jedwali la mbegu, yaliyounganishwa kwa namba ya mkulima. Mfumo mpya ulikuwa na majedwali yale yale na ulitii amri zile zile. Isitoshe, wakubwa wa Nairobi walikuwa wameshausifu, kwa hivyo mjadala uliisha kabla ya kuanza.

Asubuhi ya kuhamia mfumo huo, Mama Rael Jeruto alifika dirishani kutoka Sugoi.

"Mvua imeshaanza kwetu, na mimi sina hata punje ya kupanda."

Tryphosa, karani wa kompyuta, alitazama skrini. "Inasema ulifariki themanini na sita, Mama."

"Hata mwaka jana ilisema hivyo. Si unaniona?"

"Mimi nakuona. Jedwali ndilo halikuoni."

Bwana Kipyego alitoka ofisini kumtuliza. "Usiwe na wasiwasi, Mama. Mfumo mpya unalingana kabisa na wa zamani. Utabaki vile ulivyo."

"Nimekufa?"

"Bila hitilafu yoyote."

"Mzee," Tryphosa akasema, "nikibonyeza mara moja tu, anafufuka."

Bwana Kipyego alimweleza kwa upole. Kamati ya Ulinganifu ilikuwa imekaa siku nne ikaamua kwamba orodha za mifumo yote miwili lazima zitoe jumla moja: walio hai 4,112, marehemu 317. "Wakiwa 4,113, huyo wa ziada nitasema ametoka wapi?"

"Sugoi," akajibu Mama Rael.

Bwana Kipyego hakuwa mtu mbaya. Alifikiri sana, kisha uso wake ukang'aa. "Abadilishane na mtu. Mmoja afufuke, mmoja afe. Hesabu haitaguswa."

"Afe nani, Mzee?"

Kumchagua mtu kwa jina kungekuwa upendeleo. "Chukua wa kwanza kwenye orodha. Usiangalie ni nani." Aliiandika amri hiyo, akatia sahihi na kupiga muhuri.

Tryphosa aliangalia skrini, akamwangalia meneja. "Wa kwanza kabisa?"

"Tryphosa, hii sahihi ni yangu ama si yangu?"

"Ni yako, Mzee." Akabonyeza.

Miaka ile hakuna orodha iliyoanza na mtu mdogo, hata iwe ya chai. Bwana Kipyego alikuwa na shamba upande wa Plateau, na makarani walikuwa wamemwandika namba moja, kwa heshima.

Jumla zililingana. Kamati ilipiga makofi, ikaituma orodha Nairobi. Mama Rael aliondoka na mifuko miwili ya mbegu.

Alhamisi simu ya maandishi ilifika kutoka Nairobi, ikiipongeza Bodi kwa mfumo mpya na kuipa pole kwa kifo cha meneja. Ijumaa Bwana Kipyego alimkuta naibu wake, Wanyonyi, kwenye kiti chake.

"Wanyonyi, ondoka hapo."

"Mzee, mimi sina neno. Lakini nikikupisha, si itakuwa ni kama tunasema Nairobi wamekosea?"

Bwana Kipyego alitafuta kasoro katika hoja hiyo, akaikosa. Alikwenda kwa Tryphosa.

"Nibadilishe na mtu, kama yule mama."

"Hiyo inataka sahihi ya meneja, Mzee."

"Si Wanyonyi yuko? Atie."

"Amekataa. Sasa yeye ndiye wa kwanza kwenye orodha."

Jumamosi, Mama Rael alitoka shambani na matope miguuni, akaja mpaka nyumbani kwa Bwana Kipyego, mtaa wa West Indies, na kibuyu cha maziwa. Alimkuta mwenyeji ameketi uani, hai, hajanyoa.

"Nimeleta pole," akasema, akimpa kibuyu kwa mikono miwili. "Jipe moyo. Ule mwaka wa kwanza ndio mgumu."