Utando Uliotobolewa kwa Mujibu wa Kanuni

Umma unatangaziwa kwamba kila mali ya Idara ya Mabwawa sasa imetobolewa jina, isiibiwe. Rangi hufutika na karatasi hubanduka, lakini tundu, kwa utafiti wa Mkuu wa Mali, halifutiki wala halibanduki. Viti vilitobolewa jina la Idara, makabati yakafuata, na ndoo nazo hazikuonewa huruma. Zilipoanza kuvuja, Mkuu alieleza kwa upole kwamba hakuna mwizi mwenye haja na ndoo inayovuja. Kweli, hakuna iliyoibiwa, na Mkuu akatembea kifua mbele.

Ndipo ikaletwa mashine mpya ya kupumulia majini, ya mzamiaji wa Idara, ambaye pia alikuwa shemeji yake Mkuu, mdogo wa mkewe. Mashine hiyo humrudishia mzamiaji pumzi yake ikiwa imesafishwa kwa chokaa. Kinachoilinda chokaa ni utando mwembamba unaopitisha hewa na kuzuia maji. Mkuu aliutoboa jina la Idara kwa mkono wake mwenyewe, herufi zikanyooka vizuri.

"Shemeji," alisema mzamiaji, akiuinua dirishani, "hii sasa ni chujio."

"Hiyo ni mali ya umma iliyotambuliwa."

"Maji yakigusa chokaa yanakuja kooni yanaunguza. Nitafia huko chini."

"Utando umenunuliwa kuzuia maji, utayazuia. Mkataba unasema hivyo."

"Na dada yangu atamwambia nani?"

Mkuu alilijua hilo. Ukimgusa mdogo wa mkewe, nyumba haikaliki. Naye mwenyewe alimpenda kijana yule, tena sana, lakini kanuni ni kanuni, na Waziri alikuwa keshafika kushuhudia majaribio.

Kando ya tangi la majaribio Mkuu alihutubia juu ya usalama mpaka watu wakaanza kubadilisha miguu. Waziri akauliza mbona mzamiaji hajavaa.

"Woga tu, mheshimiwa. Mashine hii hata mimi ningeingia nayo."

"Basi ingia," alisema Waziri, na wapiga picha wakasogea.

Mkuu alivishwa mashine, akaingia na tai yake. Maji yalimfika kifuani. Alitakiwa kuinama tu, kichwa kizame. Akainama, akavuta pumzi ya kwanza kwa heshima ya taifa, na iliyofuata ikaja na maji ya chokaa. Mzamiaji ndiye aliyejitosa akamtoa, akamsukutua kinywa kwa maji mengi. Daktari alisema atapona, ila sauti itachelewa kurudi. Waziri aliipongeza Idara kwa kuwa na kiongozi anayejaribu vifaa mwenyewe, akaondoka.

Jioni Mkuu alikaa sebuleni, shingo imefungwa kitambaa. Mkewe alivuta kiti akaketi mbele yake.

"Nasikia ile mashine uliitoboa wewe," alisema taratibu. "Na ndiyo uliyotaka mdogo wangu azame nayo."

Mkuu, ambaye katika utumishi wake wote hakuwahi kukosa maelezo, alifungua kinywa. Hakikutoka kitu.

Mkewe akakunja mikono. "Haya, nakusikiliza."