Mwalimu Aje Achukue Maneno Yake

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Nakusalimu kwa heshima zote, na natumai barua hii itakukuta umeketi, maana si ya kusomwa kwa kusimama. Mimi ni fundi cherehani, shangazi na mlezi wa yule mtoto asiyeona wala kusikia ambaye shule yako ilimletea mwalimu wa kumfundisha nyumbani. Naandika kumlalamikia mwalimu huyo. Hakuiba, hakutukana, hakuchelewa. Laiti angechelewa, hata mara moja, tungepumua.

Ili unielewe, nianze na hali ilivyokuwa. Mtoto huyu aliugua homa kali angali anajifunza kutembea, ikaondoka na macho na masikio yake. Baadaye mama yake akafariki, na baba yake, mdogo wangu, ni dereva wa malori, mtu wa kuonekana kwa msimu. Nikamchukua mimi. Tuliambiwa hafundishiki, tukakubali, maana aliyesema alikuwa amevaa koti jeupe. Basi nikamtandikia mkeka chini ya meza yangu ya kukatia nguo, akawa anakaa hapo kutwa, anapapasa mabaki ya vitambaa. Nikimlisha anakula, nikimlaza analala, ukiacha kilio chake cha usiku. Tulimwita Mpole. Wateja walinisifu kwa malezi. Ndipo akaja mwalimu wako, na malalamiko yangu ni haya:

1. Siku ya kwanza nilimfutia kiti, akakipita. Akaingia chini ya meza, mtu mzima na digrii yake, akamsalimu mtoto kwanza kwa kumpa mkono aunuse. Mimi mwenye nyumba nilisalimiwa baadaye, na sauti ilitokea huko huko chini. Baada ya muda akajifunga kitambaa machoni, akajiziba masikio kwa pamba, akashinda sakafuni kwangu hivyo hivyo, eti ajue mtoto anaishi wapi. Nikamwambia anaishi hapa hapa. Hakunisikia. Alimwaga kopo la vifungo, akakalia pini, na mteja mmoja aliyekuja kupimwa akaniuliza kwa huruma kama sasa ninao wawili.

2. Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Mwalimu aligundua kwamba mtoto akiweka kiganja kwenye meza ya cherehani wakati nashona, uso wake unachangamka kama wa mtu aliyesikia ngoma. Basi akawa ananiomba nishone, nisimame, nishone, nisimame; na kila niliposimama alimshika mtoto mikono akamfanyisha ishara moja: tena. Tulikwenda hivyo hata nikaona haya mbele ya majirani. Siku moja, mwalimu ameshaondoka, nimesimamisha mashine nitunge uzi, nikahisi mkono mdogo unautafuta wangu. Ukaupata. Ukaniandikia kiganjani: tena. Mheshimiwa, nilikuwa na gauni la bibi harusi mezani na mwenyewe amesimama mlangoni. Nilikanyaga cherehani tupu, bila kitambaa wala uzi, mpaka miguu ikafa ganzi. Bibi harusi alisubiri. Sifa yangu ya kutimiza ahadi nitaipata wapi sasa?

3. Baada ya hapo akamfundisha "sitaki." Nauliza kama mlezi: kulikuwa na haja gani? Uji, sitaki. Kuoga, sitaki. Kulala, sitaki, tena kwa mikono miwili. Nilimshonea gauni jipya, akalipapasa, akavuta kola, akasema inawasha. Nimeshona kola tangu ujana wangu na hakuna aliyewahi kunung'unika. Mwalimu aliponitafsiria, mteja aliyekuwa karibu akajikuna shingo, akasema taratibu kwamba kwa kweli, fundi, zinawasha. Sasa wanasema wote. Mtoto asiyesikia amewafungua vinywa wateja wangu.

4. Amempa ruhusa ya kutupa majina. Kila mtu hapa nyumbani ana jina la mkono. Mama yangu, yaani bibi yake, ni kuguswa kidevu, kwa sababu kidevu chake hutikisika akicheka. Mwalimu ni kiganja kilichofunguliwa. Mimi ni kufinya. Niliomba libadilishwe, nikapendekeza kitu chenye heshima kidogo, kama mkasi. Mwalimu akanijibu kwa upole, "Shangazi, jina ni lake kukupa. Anasema ukipima nguo, unafinya kitambaa kwanza." Labda ni hivyo. Lakini habari imeshafika mtaani, na wapo wanaonisalimia kwa kufinya hewa.

5. Masikio ya mama yangu yamechoka, na kwa miaka mingi nimekuwa nikimpigia kelele hata kumkaribisha chai. Sasa naye amejifunza lugha ya mkono kwa kudokoadokoa masomo ya mjukuu wake. Wanakaa wawili kwenye mkeka, viganja vinazungumza, halafu wanacheka pamoja na kugeukia upande wangu. Nikiuliza wanasema nini, mama yangu hunijibu kwamba ni mambo ya darasani. Katika nyumba hii mwenye macho na masikio ndiye mgeni.

6. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Mwalimu alimfundisha neno "mama" na neno "wapi." Nilimwonya kwamba maneno hayo mawili yasikutanishwe. Yakakutana. Mtoto alilitoa sandukuni gauni la marehemu, akalinusa kama kawaida yake, akaliweka mapajani mwangu, akauliza: mama wapi? Nikamvuta mwalimu kando, nikamwagiza amwambie amesafiri. Akakataa. Akasema, "Nikimdanganya kwenye kiganja hiki, shangazi, hana mahali pengine pa kwenda kuuliza."

Basi tukaenda makaburini sote wanne. Mwalimu alipiga magoti, akamgusisha mtoto udongo, akamgusisha jiwe, akawa anamtilia neno mojamoja mkononi, polepole, jasho linamtoka kama aliyebeba gunia. Mtoto akalala kifudifudi, akaunusa udongo. Kisha akauliza: baridi? Hapo hapo akavua sweta niliyomfumia, akaitandaza juu ya kaburi, akaipigapiga taratibu kama anavyopigwapigwa yeye akilazwa.

Mheshimiwa, sweta ile ni nyeupe. Udongo haujatoka hadi leo. Nami nilirudi kazini macho yamevimba, nikakata suruali ya mtu mguu mmoja mfupi.

7. Tangu siku ile halii usiku kama alivyokuwa akilia, jambo ambalo ningelishukuru, kama asingeutumia muda huo kuuliza maswali. Mwalimu amemletea "kwa nini." Ameshaniuliza kwa nini mvua, kwa nini bibi anakoroma, na kwa nini watu wengine wanatembea bila kushika ukuta. La mwisho nilimjibu mwenyewe kwa maneno machache niliyonayo. Aliushika mkono wangu mpaka nikamaliza, kisha akaniambia asante. Hiyo si kazi ya fundi cherehani.

Kwa hayo yote, naomba kwa unyenyekevu mwalimu huyu ahamishiwe mbali, ikiwezekana mahali ambapo watu wote wanaona na kusikia, ili asipate cha kufanya. Lakini asiondoke na kutuachia vurugu. Aje kwanza achukue maneno yake, moja baada ya jingine, kama alivyoyaleta. Aanze na "sitaki." Amalizie na "kwa nini," na kama likigoma kutoka, alivute. Atuachie "lala" na "asante," hayo hayana madhara. Akishamaliza, nitautandika mkeka upya chini ya meza, na tutaishi kama zamani, bila mtu kumuuliza mwenzake kitu.

Nisalimie walimu wote, mpishi wenu, mlinzi wa getini, na wanafunzi wengine wa mwalimu huyu, ambao nasikia nao wameshaanza kuwasumbua wazazi wao. Poleni nyote.

Nabaki mimi, mwenye kudai utulivu wangu,

Fundi cherehani, shangazi wa mtoto.

Nyongeza: Nilipokuwa naandika, mtoto alikuja akaweka mkono wake juu ya wangu, anataka kujua mkono huo unafanya nini. Nilikuwa nimefika kwenye lile la sita. Nikamsukuma. Amekwenda kukaa pembeni, viganja amevibana kwapani, hataki kunipa hata kimoja. Nataka kumwambia samahani, na sijui inasemwaje kwa mkono. Mama yangu anajua, lakini anasema nikamuulize mwalimu ninayemshtaki. Tafadhali mtume kesho asubuhi, hata kabla hajanywa chai, atainywea hapa. Na kama ulipofika katikati ya barua hii ulishatia sahihi uhamisho wake, basi utuandike na sisi watatu tuhamie huko huko anakokwenda.